Mwongozo kamili wa kusoma, kutambua na kutunza katuni ya zamani ya ndondi: Joe Louis na Billy Conn, 1941 hadi 1946

Katika magazeti ya Marekani ya miaka ya 1940, ukurasa wa michezo ulikuwa na nafasi ya katuni, mara nyingi juu kabisa, imetandazwa safu kadhaa kwa upana. Wasomaji waliitambua sahihi ya mchoraji kabla hata hawajasoma kichwa cha habari. Leo vipande vya kurasa hizo vinauzwa kwenye minada ya mtandaoni, vinapatikana katika maktaba za kidijitali, na vingine vimelala kwenye maboksi ya watu waliorithi vitu vya babu zao bila kujua wameshika nini.

Nimechagua ushindani wa Joe Louis na Billy Conn kwa sababu ndio uliokatizwa na Vita vya Pili vya Dunia kuliko mwingine wowote ninaoujua: ulianza Marekani ikiwa bado nje ya vita, ukakwama vita vikiendelea, ukamalizika vita vimekwisha. Nakuomba ushike jambo moja tangu sasa. Mchoraji alichora bila kujua yatakayotokea. Mapambano ya Louis na Conn yaliyopigwa ni mawili, lakini yaliyopangwa ni manne. Ndiyo maana ni rahisi sana kukosea tarehe ya katuni ya 1942 na kuiandika 1941 au 1946: inatangaza pambano kwa shauku zote, na pambano lenyewe halikufanyika.

Hatua ya kwanza: kalenda mezani

Bila kalenda ya ushindani huu hutaisoma katuni hata moja sawasawa. Inakili kwa mkono kwenye karatasi, uwe nayo kila unapochunguza mchoro.

Joe Louis alizaliwa Alabama mwaka 1914, akakulia Detroit, akatwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1937. Aliushikilia mpaka alipotangaza kustaafu mwaka 1949, akiwa ameutetea mara 25. Billy Conn, aliyezaliwa 1917, alikuwa kijana wa Pittsburgh mwenye asili ya Ireland. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa hadi pauni 175, na aliuachia mkanda huo ili apande kumkabili Louis.

Tarehe 18 Juni 1941, katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York, watu zaidi ya 54,000 walimwona Conn akimzungusha bingwa kwa raundi 12. Kati ya maofisa watatu waliohesabu pointi, wawili walikuwa wamempa Conn uongozi na mmoja alikuwa amewaweka sawa. Pambano lilikuwa la raundi 15. Kilichobaki kwa Conn kilikuwa kukaa mbali na mkono wa kulia wa Louis kwa dakika tisa. Wasaidizi wa kona yake walimsihi afanye hivyo. Yeye akaingia raundi ya 13 akitaka kumwangusha Louis, akaangushwa yeye, zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi iishe. Hapo ndipo ushindani ulipozaliwa, kwa sababu kila aliyeona au kusikia redioni alibaki na swali: je, angejizuia?

Desemba 7 mwaka huohuo Japani ilishambulia Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Tarehe 9 Januari 1942 Louis alimmaliza Buddy Baer katika raundi ya kwanza ndani ya Madison Square Garden, akatoa malipo yake kwa mfuko wa misaada wa Jeshi la Wanamaji, kisha papo hapo akajiunga na jeshi la nchi kavu. Tarehe 27 Machi alimpiga Abe Simon, na safari hii malipo yake yakaenda kwa mfuko wa misaada wa jeshi la nchi kavu.

Marudiano na Conn yalikuwa yamepangwa Juni 1942. Mwezi Mei, kwenye sherehe ya ubatizo nyumbani, Conn aligombana na baba mkwe wake, Jimmy Smith, mchezaji wa zamani wa besiboli ya kulipwa. Conn akatupa ngumi, akavunjika mkono, na pambano likafa. Likapangwa upya kwa tarehe 12 Oktoba 1942, mapato yaende kwa mfuko wa jeshi. Mwishoni mwa Septemba, Waziri wa Vita Henry Stimson akalifuta baada ya kubainika kwamba sehemu ya mapato ingetumika kulipa madeni ambayo mabondia hao walikuwa nayo kwa promota Mike Jacobs. Basi wakabaki na magwanda ya jeshi. Louis alizunguka kambi za wanajeshi akipigana kwa maonyesho, kama mara 96 kwa jumla.

Marudiano yakaja tarehe 19 Juni 1946, uwanja wa Yankee Stadium, mbele ya watu zaidi ya 45,000. Kiti cha karibu na ulingo kiliuzwa dola 100. Lilikuwa pambano la kwanza la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kuonyeshwa kwenye televisheni, na halikuwa zuri. Miaka iliyopita ilikuwa imemla Conn miguu. Raundi ya nane akalala chini.

Hatua ya pili: tazama kabla hujasoma

Macho hukimbilia maandishi. Yazuie kwa dakika moja na uangalie umbo la mchoro mzima, kwa sababu katuni za michezo za wakati ule zilikuwa za aina mbili kuu, na kila aina husomwa kwa njia yake.

Aina ya kwanza ni ya uso na vidokezo. Katikati kuna uso mkubwa wa bondia, umechorwa kwa kufuata picha ya kamera na kutiwa vivuli kwa uangalifu. Kuuzunguka kuna vikaragosi vidogo, kila kimoja na sentensi fupi: alipigana na nani, ana uzito gani, mkewe ni nani. Tom Paprocki, aliyesaini Pap na kulichorea shirika la Associated Press, alijulikana kwa kazi za mtindo huu, na Jack Sords pia. Michoro kama hiyo ilisambazwa kwa magazeti mengi ya miji midogo, kwa hiyo ilitakiwa ieleweke na mtu asiyewahi kukanyaga New York. Isome kama taarifa: thamani yake ni data iliyomo.

Aina ya pili ina wazo moja tu na watu wawili au watatu. Willard Mullin wa New York World-Telegram na Burris Jenkins Jr. wa New York Journal-American walikuwa mabingwa wake. Mstari wa Mullin unakimbia. Miili yake inapinda na kunyooka, unauona uzito ukihama kutoka mguu hadi mguu. Mimi nampenda Mullin kuliko wote kwa sababu hiyo: alijua bondia husimamaje akichoka. Aina hii isome kama hoja. Uliza ni nani amechorwa mkubwa na nani mdogo, macho ya kila mmoja yanaelekea wapi, na yule mtu wa tatu ni nani.

Mtu wa tatu ana uzito mkubwa katika katuni za vita. Mzee mrefu mwenye ndevu na kofia ya nyota na mistari ni Uncle Sam, yaani serikali ya Marekani. Mzee mwenye mundu na saa ya mchanga ni Wakati. Ukimkuta kando ya Louis na Conn, elekeza fikra 1945 au 1946, maana swali la miezi ile lilikuwa umri, Louis akiwa na miaka 32 na Conn 28 siku ya marudiano. Kundi la askari walioketi ulingoni linakupeleka 1942 au miaka ya maonyesho.

Hatua ya tatu: tarehe imejificha ndani ya mchoro

Anza na nambari ndogo sana kwenye kona au kando ya fremu. Mashirika yaliyosambaza katuni yaliweka hapo tarehe ya kuchapishwa, mwezi ukitangulia siku kwa desturi ya Kimarekani. Hivyo 6-18 ni tarehe 18 Juni. Mwaka mara nyingi haupo, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Uzito ni shahidi mzuri. Mwaka 1941 Louis alipimwa pauni 199 na nusu, na uzito wa Conn uliotangazwa ulikuwa 174. Mwaka 1946 Louis alikuwa na pauni 207 na Conn 182. Katuni iliyochorwa kabla ya siku ya kupima hutaja makisio, basi tofauti ya pauni mbili tatu isikubabaishe. Lakini Conn wa pauni 180 na kitu hawezi kuwa wa 1941.

Cheo nacho husema. Louis aliingia jeshini kama askari wa kawaida asiye na tepe begani, na bango maarufu la serikali la 1942 linalomwonyesha akishika bunduki yenye singe linamtaja kwa cheo hicho. Baadaye alipanda hadi usajenti, na Conn akafikia ukoplo. Hesabu tepe kwenye mikono. Louis mwenye tepe tatu katika mchoro unaodaiwa kuwa wa Januari 1942 ni kasoro inayotaka maelezo.

Uwanja unatenganisha haraka: Polo Grounds ni 1941, Yankee Stadium ni 1942 (kwa pambano lisilofanyika) au 1946. Na bendeji au plasta mkononi mwa Conn, hasa akiwa na mtu mzima anayemkaripia kando yake, inakuambia Mei au Juni 1942, kisa cha baba mkwe kikiwa bado kibichi mitaani.

Sasa mtego wenyewe. Ukiona mabondia wote wawili katika magwanda, au glovu na kofia ya chuma pamoja, na maneno yanayotangaza pambano la pili, usikimbilie 1946. Wakati huo walikuwa raia tena. Mchoro wa namna hiyo ni wa Septemba 1942 au karibu na hapo, wiki chache ambazo Marekani iliamini pambano linakuja. Kwangu mimi hivyo ndivyo vipande vya thamani kuliko vyote, hata kama bei yake ni ndogo kuliko vya usiku wa 1941. Vinahifadhi matarajio ambayo historia ya matokeo imeyafuta.

Hatua ya nne: geuza karatasi

Kama una kipande halisi cha gazeti, upande wa nyuma unaweza kukusaidia kuliko wa mbele. Soma matangazo, ratiba za redio, majina ya sinema, msimamo wa ligi ya besiboli. Tafuta hasa matangazo ya hati za serikali za kukopesha fedha za vita. Kabla ya Pearl Harbor ziliuzwa kama hati za ulinzi, Defense Bonds. Katika mwaka 1942 jina likawa War Bonds. Mwisho wa 1945, adui akiwa ameshasalimu amri, kampeni ya mwisho iliitwa Victory Loan. Jina moja tu nyuma ya kipande linaweza kukuokolea jioni nzima ya kubahatisha. Matangazo yanayotaja mgawo wa sukari yanakupa mpaka pia: mgawo huo ulianza Mei 1942.

Hatua ya tano: uso wa Joe Louis

Hapa nakuomba usipite haraka.

Louis alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa uzito wa juu tangu Jack Johnson, aliyeushika kuanzia 1908 hadi 1915 na kuchukiwa na Wazungu wengi wa nchi yake kwa kuishi atakavyo. Mameneja wa Louis, John Roxborough na Julian Black, ambao nao walikuwa weusi, walimwekea masharti ya mwenendo: asipigwe picha na mwanamke wa Kizungu, asimcheke mpinzani aliyeanguka. Licha ya unyenyekevu wote huo, katuni nyingi za miaka yake ya mwanzo zilimchora kwa midomo iliyovimbishwa, macho ya usingizi, na maneno ya lahaja iliyoharibiwa makusudi kinywani mwake. Baada ya kumwangusha Max Schmeling wa Ujerumani mwaka 1938 kwa sekunde 124, na zaidi baada ya kuvaa magwanda, wachoraji wengi walianza kumpa uso wa binadamu. Si wote, wala si kwa siku moja.

Fanya jaribio hili. Tafuta picha ya kamera ya Louis ya mwaka uleule. Funika mwili wa mchoro kwa karatasi, ulinganishe uso na picha. Kisha funika uso, uangalie mwili. Mara nyingi utaona mwili umechorwa kwa heshima na ujuzi mkubwa, wakati uso umeachiwa mazoea. Halafu fanya vivyo hivyo kwa Conn. Yeye naye alibebeshwa ada ya Waayalandi, jani la shamrock na ubishi wa kijana wa mtaani, lakini sura yake kwa kawaida ni yake mwenyewe, nzuri kama ilivyokuwa kweli. Tofauti ya namna hizo mbili ndiyo inayokuambia mchoraji alisimama wapi.

Hatua inayofuata ni kuuliza kisichochorwa. Uncle Sam akimshika Louis mkono ni picha ya kupendeza. Jeshi alilojiunga nalo, hata hivyo, liliwatenga weusi na weupe. Jeshi la Wanamaji alilolipa malipo ya Januari 1942 liliwaweka mabaharia wengi weusi katika kuhudumia mezani na jikoni. Akiwa Fort Riley, Kansas, Louis alitumia jina lake kumsaidia Jackie Robinson, nyota wa besiboli wa baadaye, na wenzake waingizwe mafunzo ya uofisa. Mwaka 1944, huko Camp Sibert, Alabama, polisi wa jeshi walimkamata yeye na bondia mwenzake Sugar Ray Robinson katika mzozo wa kituo cha basi kilichotengwa kwa rangi. Amri ya Rais Truman ya kukomesha ubaguzi majeshini ilikuja mwaka 1948, Louis akiwa ameshavua magwanda.

Kwa hiyo, usiisome katuni ya gazeti kubwa la New York peke yake. Iweke kando ya ukurasa wa juma lilelile kutoka gazeti la weusi: Chicago Defender, New York Amsterdam News, Afro-American la Baltimore, au Pittsburgh Courier. Hili la mwisho lina maana ya pekee hapa. Lilichapwa katika mji uleule alikotoka Conn, na tangu Februari 1942 ndilo lililoendesha kampeni ya ushindi mara mbili, dhidi ya adui wa nje na dhidi ya ubaguzi wa nyumbani. Kumsoma Louis katika Courier na kumsoma katika gazeti la Wazungu la siku hiyohiyo kutakufundisha zaidi ya maelezo yoyote niwezayo kukupa.

Maneno ya matusi ya rangi yakiwemo kwenye mchoro, yanakili katika kumbukumbu zako kama yalivyo. Usiyafute, usiyalainishe.

Hatua ya sita: ni mchoro wa mkono, chapa ya gazeti, au nakala ya juzi?

Tafuta kioo cha kukuzia, mara kumi kinatosha.

Mchoro wa mkono wenyewe kwa kawaida ni mkubwa kuliko ulivyotokea gazetini, kwani uliwekwa mbele ya kamera na kupunguzwa kabla ya kuchongwa kwenye bamba la zinki. Utaona wino mweusi wenye uzito usiolingana, sehemu brashi ilipozama na ilipokauka. Utaona rangi nyeupe ilipofunika kosa, mistari ya penseli ya buluu hafifu ambayo kamera ya kiwanda haikuiona, na pembeni maelezo ya upana wa safu. Vivuli vingi vilifanywa kwa krayoni ya mafuta juu ya karatasi yenye vipele, hivyo punje za kivuli hazina mpangilio. Nyuma tafuta mhuri wa gazeti.

Chapa ya gazeti ina wino mmoja, umelowa kidogo ndani ya karatasi, na herufi za upande wa pili huonekana kwa mbali zikipenya. Nukta za kivuli zikiwa zimepangwa kama mistari ya wavu, hizo ziliwekwa kwa mashine au kwa karatasi maalumu ya nukta.

Nakala ya kisasa hujifichua yenyewe. Chini ya kioo, rangi ya kahawia ya uzee inageuka kuwa vinukta vya buluu, waridi na manjano: printa imejaribu kuiga kuchakaa. Washa taa ya miale ya urujuanimno gizani. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1940 zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo humeta buluu. Karatasi ya 1941 haitakiwi kumeta. Hilo pekee halithibitishi kwamba kitu ni cha kweli, ila likimeta una haki ya kurudisha.

Hatua ya saba: lisake gazeti lenyewe

Ukishakuwa na kisio la tarehe, nenda kwenye hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Chronicling America, ambayo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Zipo pia hazina za kulipia, kama Newspapers.com.

Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaandika maneno ya katuni kwenye kisanduku cha kutafutia na kupata patupu. Kompyuta iliyosoma kurasa hizo inajua herufi za chapa. Maandishi ya mkono ya mchoraji inayavuruga au kuyaruka kabisa. Tafuta maneno ya habari iliyokaa jirani na katuni. Kama huna, tafuta majina ya Louis na Conn katika kipindi cha siku tatu, kisha fungua kurasa za michezo moja baada ya nyingine na kuzitazama kwa macho. Ni kazi ya subira, lakini ndiyo njia.

Kumbuka pia kwamba katuni ya kusambazwa ilifika miji tofauti kwa posta, na kila mhariri aliichapa alipopata nafasi. Kuikuta tarehe 16 katika gazeti moja na tarehe 18 katika jingine hakuna ajabu. Andika zote mbili. Ya mapema zaidi uiite ya kwanza kupatikana, usiiite ya kwanza kuchapwa.

Kabla ya kutoa pesa

Mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma, vipimo kwa sentimita, na picha ya karibu ya sahihi. Asiyekuwa tayari kutuma picha ya nyuma, achana naye. Ukurasa mzima ni bora kuliko kipande kilichokatwa, kwa kuwa una jina la gazeti na tarehe juu yake, na mara nyingi watu hawautaki kwa sababu ni mgumu kuwekwa kwenye fremu. Usilipie zaidi kwa maneno "pambano la 1946" mpaka uwe umehesabu tepe na uzito mwenyewe.

Kuitunza

Karatasi ya gazeti ya wakati ule ilitengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili ya mti. Hewa na mwanga huigeuza manjano, asidi huongezeka, nayo inakatika ukiikunja. Huwezi kurudisha ujana wake. Unaweza kupunguza mwendo wa kuzeeka.

Usitumie selotepu, gundi wala pini, na usiilaminishe kamwe, maana joto na plastiki vikishaganda havitoki. Kilichokunjwa usikilazimishe kunyooka. Kiweke ndani ya bahasha ya poliesta safi iliyo wazi upande mmoja, nyuma yake karatasi isiyo na asidi ya kukiegemeza, vyote ndani ya boksi lililolala. Plastiki laini yenye harufu kali iepuke. Alama zako ziandike kwa penseli kwenye hiyo karatasi ya nyuma, kamwe si kwenye kipande chenyewe.

Unyevu wa hewa unaofaa hauzidi asilimia 50. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hilo ni gumu, kwani hewa ya pwani inazidi hapo karibu mwaka mzima, na ukungu haungoji. Tumia boksi la plastiki ngumu linalofunga vizuri, weka vifuko vya silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, ukague kila mwezi na kukausha au kubadilisha vifuko vinaposhiba. Usifungie karatasi yenye unyevu ndani ya boksi. Utakuwa unapanda ukungu. Liweke kabatini mbali na ukuta wa nje, juu ya sakafu, na chakula kisikaribie chumba hicho, kwa ajili ya mende na wadudu wala karatasi. Arusha au Nairobi kazi ni nyepesi zaidi, lakini jua la dirishani ni adui kila mahali.

Skani mapema, kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, na uhifadhi faili la TIFF ambalo hutalihariri. Nyuma ya kipande weka karatasi nyeusi: herufi za upande wa pili zitaacha kupenya kwenye picha. Cha kuning'iniza ukutani kiwe nakala uliyochapisha kutokana na skani hiyo.

Haki za kuchapisha tena

Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapwa mwaka 1941 yenye ulinzi kamili hulindwa kwa miaka 95, hadi mwisho wa 2036. Lakini kazi za miaka ile zilitakiwa ziandikishwe upya baada ya miaka 28, na zile ambazo wenyewe hawakufanya hivyo zimekuwa mali ya umma. Katuni ya Juni 1941 ilibidi iandikishwe upya karibu na 1969. Tafuta jina la gazeti, la shirika la usambazaji na la mchoraji katika orodha za uandikishaji za miaka hiyo, ambazo zimewekwa mtandaoni, kabla hujatumia mchoro kwenye kitabu au fulana. Kumiliki karatasi hakukupi haki ya kuichapa.

Kadi ya kumbukumbu

Kila kipande kiwe na kadi. Andika jina la mchoraji kama lilivyosainiwa, gazeti na ukurasa, tarehe, vipimo, hali ya karatasi, na maandishi yote ya mchoro neno kwa neno. Kisha andika unachokiona, bila tafsiri: "Louis upande wa kushoto, magwanda, hana tepe, Conn kulia, mkono wa kushoto umefungwa, Uncle Sam kati yao ameshika kalenda." Chini yake, kwa mstari mwingine, ndipo uandike unachofikiri na sababu zake: "Baada ya Mei 1942 kwa sababu ya mkono, kabla ya mwisho wa Septemba 1942 kwa sababu pambano bado linatangazwa." Sehemu hizo mbili usizichanganye, ili atakayekuja na gazeti lenye tarehe kamili aweze kusahihisha ya pili bila kugusa ya kwanza.